Waraka wa Nyota

Inatangazwa kwa maofisa, askari na raia wote wa visiwa kwamba usalama wa taifa unategemea mambo mawili. La kwanza, watu mia mbili na kumi na wawili wenye kadi katika Idara ya Vibali vya Safari, Moroni, wasivuke bahari kwenda kisiwa kingine, kwani wakivuka amani itavurugika. La pili, washauri wa kigeni wavuke watakapo, bila kuulizwa jambo lolote na mtu yeyote, na majina yao yasiandikwe popote. Penye jina la mshauri itaandikwa nyota. Orodha ya wasioulizwa ina nguvu kuliko waraka mwingine wowote.

Ndivyo ulivyosema waraka wa mwaka 1988, na muhuri ukagongwa mara tatu kwa kuwa mara mbili za mwanzo wino ulikuwa umekauka. Washauri wenyewe walikuwa wazungu wenye bereti waliotua ufukweni na bunduki mwaka 1978, wakabaki kushauri. Mjini watu waliwaita mamluki, kwa sauti ya chini na baada ya kutazama nyuma. Kila mmoja alikuwa na majina matatu, na hakuna hata moja alilopewa na mama yake.

Waraka ukatua mezani kwa Roukia Soidri, mpiga chapa wa idara. Roukia alizaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, nje ya visiwa, akarudishwa nyumbani mwaka 1977 pamoja na wenzake waliookoka mauaji ya watu wa visiwa kule. Kwa kuwa walirudi kwa ndege za shirika la Sabena, mji mzima ukawaita masabena, na miaka kumi na moja baadaye bado waliitwa hivyo, kana kwamba ndiyo kwanza wanashuka ngazi wakitafuta mizigo. Majunga alikuwa amejifunza kupiga chapa kwa vidole kumi. Kwa hiyo nchi rafiki ilipoizawadia idara kompyuta yenye ukubwa wa friji, alikabidhiwa yeye. Wanaume wa ofisini waliona kibodi ni kazi ya vidole, na vidole havina cheo.

Mtaalamu aliyeileta alikaa wiki tatu, akaacha programu moja ya kuchapa vibali na orodha, na kitabu kimoja, akaondoka. Programu ilitumiwa na wote. Kitabu alikisoma Roukia, mchana wenzake walipolala. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa hakuna aliyedhani lingewezekana.

Humo ndimo alimoona kosa la mtaalamu. Programu ilichukua kila jina lililoandikwa kwenye orodha na kulitia ndani ya kigeu, yaani neno linaloshika jina kama sahani inavyoshika wali. Kisha ikakiita kigeu hicho ili jina lichapwe. Lakini mtaalamu alikiita kikiwa wazi, bila kukifunga ndani ya alama za kunukuu, na kigeu kikiwa wazi mashine haipokei jina kama lilivyo. Inalikata kila penye nafasi. Ndiyo maana Mzee Tadjidine Ali Mbae alipoomba kibali cha kwenda harusini alipewa vitatu, na askari wa bandari ya Mutsamudu, kisiwa cha pili, wakaishikilia boti nzima wakiwasubiri Ali na Mbae washuke.

Kabla waraka wa nyota haujafika, Roukia aliandika barua ya mistari minne, akaipeleka kwa mkurugenzi, Bwana Daroueche, ambaye alikuwa na desturi ya kufanyia mikutano chumba cha kompyuta kwa sababu ya kipoza hewa.

“Ni alama mbili tu, Bwana Mkurugenzi. Moja mbele ya kigeu, moja nyuma. Jina litapita zima.”

“Umeyasoma wapi haya?”

“Kitabuni.”

“Kitabu cha nani?”

“Cha mashine.”

“Tazama dunia hii! Sabena ameshushwa na ndege juzi, leo anamsahihisha mtaalamu. Na hujui kwamba ukimtia mtu ndani ya alama za kunukuu unasema jina hilo si lake? Orodhani humo wamo washauri, mwanamke! Unataka tufukuzwe?”

Roukia aliona kwamba, kwa upande wa washauri, alama hizo zingesema kweli tupu. Daroueche akaandika juu ya barua: Programu isiguswe. Akatia sahihi na tarehe, na Roukia akaitunza.

Wakati huo alikuwa na jambo zito kuliko alama. Mama yake, Bibi Batoul, alilazwa Mutsamudu, hospitali ya Hombo, na uvimbe tumboni. Daktari alitaka kumpasua kabla mwezi haujaisha, akisema baada ya hapo hatabeba lawama. Bibi Batoul alisema hapasuliwi mpaka mwanawe Abdoulkarim, kaka yake Roukia, aje amshike mkono. Roukia alikwenda mwenyewe.

“Wewe nimekuona,” mama alimwambia. “Yule mwingine yuko wapi?”

Yule mwingine alikuwa na kadi. Alisomesha historia Moroni, na siku moja darasani aliuliza mshauri hushauri miaka mingapi kabla ya kuhesabiwa kuwa amemaliza. Tangu hapo aliomba kibali mara nne, akanyimwa mara tano. Ya tano walimwandikia ili asije akaomba tena.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tisa waraka wa nyota ulipofika. Roukia akayafuta majina ya kupanga ya washauri katika orodha ya wasioulizwa, akaweka nyota moja kama alivyoamriwa, akaiendesha programu. Kitabu kilikuwa kimemwambia kitakachotokea, lakini kuona ni jambo lingine. Kwa mashine ile, nyota iliyoachwa wazi maana yake ni kila faili lililomo humu ndani. Na humu ndani, kila mwenye kadi alikuwa na faili lenye jina lake. Nyota ikafunguka ikawa majina mia mbili na kumi na matatu, moja chini ya jingine. La kwanza kabisa lilikuwa Abdoulkarim Soidri, zima, kwa kuwa mashine hukata kwanza ndipo ifungue nyota. La mwisho lilikuwa la programu yenyewe, ambayo sasa nayo haikuruhusiwa kuulizwa.

Alama mbili zingeyarudisha yote kuwa nyota. Roukia aliitoa ile barua, akasoma tena maneno ya mkurugenzi wake, na kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe akayatii kwa moyo mkunjufu.

“Mbona ndefu hivi?” akauliza Daroueche alipoletewa karatasi atie sahihi.

“Ni ile nyota, Bwana Mkurugenzi. Mashine imeifungua.”

“Imefungua majina?”

“Yote.”

Daroueche aliigeuza karatasi kifudifudi kama aliyeshika sufuria ya moto. “Umeyasoma?”

“Mimi napiga chapa tu.”

“Na mimi sijayasoma. Umeona kwamba sijayasoma?”

“Nimeona, Bwana Mkurugenzi.”

Akafunika kurasa kwa gazeti, akatia sahihi kwenye kipembe kilichobaki nje. Jioni Roukia akapita kwa kaka yake.

“Kaka, Alhamisi panda boti.”

“Nina kadi, Roukia.”

“Ndiyo maana.”

Bandarini Mutsamudu alikuwapo koplo Salimou, orodha mbili mkononi, ya waliokatazwa na ya wasioulizwa. Abdoulkarim alishuka na kifurushi cha nguo na ndala zilizoliwa visigino.

“Umekatazwa kuvuka,” alisema Salimou.

“Najua. Tazama hiyo ya pili.”

Salimou akatazama. Akamtazama mtu, akazitazama ndala. “Kumbe nawe ni mshauri?”

“Unaniuliza?”

“Hapana, Mheshimiwa! Sikuulizi kitu!” Akapiga saluti hadi kofia ikaanguka. Abdoulkarim alipopita, koplo akamnong'oneza mwenzake, “Siku hizi wanawaajiri hata wenyeji.”

“Nyamaza. Wale wana siri nyingi.”

Hombo, Bibi Batoul alimkagua mwanawe toka kichwani hadi miguuni. “Umekonda. Na umechelewa.” Kisha akamgeukia daktari. “Haya, mnangoja nini?”

Uvimbe ulitoka. Siku ya kumi na mbili Abdoulkarim alimshika mama mkono, wakateremka bandarini ili akapumzike kwa Roukia. Walimkuta Salimou amemkalisha mzungu mwenye bereti juu ya gunia la karafuu, uso umemwiva kwa jua.

“Mpeni maji, masikini,” alisema Bibi Batoul, akapita.

Orodha ile ilitumika wiki kumi na moja. Chamsia mshonaji alikwenda kumwona dada yake aliyejifungua, wengine walikwenda kuzika au kuozesha, na kila mmoja alirudi kazini. Ripoti ya bandari inasema kwamba katika muda huo amani haikuvurugika, na kwamba alizuiwa mtu mmoja tu. Alikataa kutaja jina lake, na orodhani hakuwamo.