Honi na Binti Yake

Dada yangu tunamwita Honi, na jina hilo kalitafuta mwenyewe. Anauza nguo za mitumba, na akipanda mezani kunadi, "Chagua, vaa, pendeza!", mtaa wa pili wanageuka. Mimi nauza viatu meza ya jirani. Masikio yangu yalishastaafu zamani.

Binti yake alikuwa akinadi naye tangu ana pengo la meno ya mbele. Alipofikisha miaka kumi na mitatu, mambo yakageuka. Sare za shule zikichomoza tu kwa mbali, mtoto yuko chini ya meza! Honi, kwa kutaka kumfurahisha, siku moja akawapazia sauti wanafunzi hao: "Nyie mnaosoma na mwanangu, njooni niwapunguzie bei!"

Loo! Mtoto aliondoka analia, akaapa hatakanyaga tena pale. Wiki nzima hakuonekana. Dada akawa ananadi kinyonge, kila saa ananiuliza, "Mdogo wangu, huyu ananichukia?"

"Akuchukie kwa lipi?" nikamwambia. Nilikuwa nimemsikia daktari redioni: umri huo ubongo bado uko kwenye ujenzi, hasa pale panaposoma wenzako wanawaza nini. Jicho la rafiki linamuuma kuliko fimbo. "Hata wewe ulikuwa unamkimbia baba njiani kwa sababu ya ile kofia yake!" Honi akacheka bila kupenda.

Jumamosi, huyo hapo! Kabeba shuka, kamba na kioo. "Mama, wale wasichana wanazitaka zile jaketi. Huoni wanapita, wanaziangalia, halafu wanaangaliana? Wanaoneana aibu." Akafunga shuka pembeni, akaning'iniza kioo ndani.

Jamani! Wasichana wakaanza kuingia mmoja mmoja kujaribu jaketi, kila anayetoka kajawa na tabasamu. Nusura nipige vigelegele. Honi kajibana nyuma ya rundo la nguo, kiganja mdomoni, jasho linamtiririka. Mmoja wao akauliza, "Yule mama wa kelele wa siku ile yuko wapi?"

Binti akawatazama wenzake, mmoja mmoja. Nikasema moyoni, leo tumekwisha.

"Ni huyu hapa. Mama yangu. Mama, hebu panda uwaonyeshe!"

Honi akapanda. Akafungua mdomo, sauti ikagoma kabisa, yakatoka machozi tu. Basi binti akapanda mezani, akamshika mkono, akanadi yeye, mbele ya wale wale.