Mjomba Dankyi na Vipande Viwili vya Nyama

Mjomba wangu Dankyi anaziba pancha pale Suame, Kumasi, na kwenye filamu ni polisi. Miaka tisa ni polisi yuleyule, wa kusimama nyuma na kusema "ndiyo, afande." Ni mtu wa kushuku. Mwambie leo hakuna mvua, atakuuliza nani kakutuma.

Ila kwenye kazi yetu, kushuku kuna maana. Filamu zetu hazina karatasi. Asubuhi dairekta wetu Ampratwum anakuita pembeni, anakunong'oneza kipande chako tu, mengine mtajuana mbele ya kamera. Kikisharekodiwa kimepita, hakirudiwi, betri zenyewe za kuazima. Na filamu moja ina sehemu tatu. Ukifa kwenye ya kwanza, rudi kwenye matairi yako, wenzako wanaendelea kuitwa.

Safari hii tulikuwa na wezi walioiba jeneza wakidhani lina dhahabu. Mimi nashika maiki. Kabla hatujaanza, Dada Serwaa anayetupikia akampakulia mjomba kabla ya wote fufu, ugali wetu wa muhogo wa kutwanga, na vipande viwili vya nyama ya mbuzi juu. Mjomba hakunawa hata mikono, chakula hakukigusa. Kwetu, anayekufa siku hiyo ndiye anayekula kwanza, ili awahi kuondoka. Hiyo inajulikana.

Akanivuta nyuma ya nyumba. "Ampratwum kakwambia nini?"

Nikasema dairekta hajaniambia kitu.

"Unashika maiki, masikio unayo mawili, halafu hujasikia kitu? Nitamwambia mama yako unavyonifanyia."

Akaenda kumhoji Serwaa. Serwaa akasema ni agizo la dairekta, na kama nyama haitaki airudishe. Kisha Boakye, anayecheza mwizi, akapita na kumsalimia mjomba kwa adabu kabisa. Hapo ndipo mjomba alipokata tamaa. Boakye hana adabu hata kwa babu yake. Mbaya zaidi, alichonong'onezwa mjomba ni hiki tu: fungua jeneza, usiseme neno. Kwa akili ya mjomba, polisi asiyesema ni maiti tayari.

Kamera ikawaka. Mjomba akalifungua jeneza. Nikaona jasho. Mara akageuka.

"Mjue tu, mimi ni pacha," akasema. "Mimi Atta Panin, yule mkubwa. Mdogo wangu Atta Kakra yuko Takoradi, naye ni polisi, na tumefanana mpaka kovu."

Yaani kajiwekea akiba. Mkimuua leo, kesho anakuja pacha. Mimi maiki ilikuwa inatetemeka kwa kicheko.

Ila Boakye naye alikuwa na kipande chake. Akapiga magoti, akainamisha kichwa. "Bosi," akasema, "mzigo wako huu hapa."

Dairekta akazima kamera, akakaa juu ya boksi la taa, akamwita mjomba kwa upole, kama daktari mwenye majibu mabaya. Akamweleza kuwa siri ya filamu nzima ilikuwa hiyo: polisi mnyonge ndiye mkuu wa wezi, mpaka sehemu ya tatu. Kulishwa kwanza ni kwa sababu mchana angekimbizwa mitaa sita.

"Ungeniambia, Ampratwum."

"Ningekwambia, uso wako ungewaambia watu wote kabla ya wewe kufungua jeneza."

Mjomba akaomba warudie. Betri zikamjibu. Pacha ameshatajwa, na pacha wawili kwenye kamera moja dairekta hawezi kuwapiga picha. Lazima mmoja afe.

"Yupi?" mjomba akauliza, macho kwa Boakye, kama vile Boakye ndiye aliyepanga.

"Anakufa bosi," dairekta akajibu. "Atakayeendelea ni yule wa Takoradi."

Saa tisa mchana mjomba alikuwa ndani ya jeneza, pamba puani, jicho moja wazi ananitazama mimi. Akaniashiria nisogeze sikio. Anataka kujua huyo Kakra ana cheo gani.

Nikamuuliza dairekta. Konstebo, akasema, na hana maneno mengi.