Vyumba Saba vya Bi Zuwena

Siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na kila nkiikumbuka najivuta sikio mwenyewe. Nlikuwa msichana, miaka ya tisini, hapa hapa Maskati, skuli nimeiacha njiani. Au tuseme skuli ndo iliyochoka na mie. Kitu kimoja tu Mungu alinipa: khati nzuri. Mkono wa dhahabu, kichwa cha kibiriti kitupu.

Khati hiyo ndo iliyonipeleka kwa Bi Ruqaiya, mtaa wa Al Khuwair. Asubuhi yeye karani wizarani, jioni anatunga muziki, ule wa fidla chungu nzima na watu wametulia kama wako kwenye khutba. Aliusomea Urusi. Kaka yake, Bwana Nasor, alikuwa hamsazi kwa maneno: "Wenzio wanatuletea watoto, wewe watuletea makelele!"

Kazi yangu kunakili, kila mpigaji apate karatasi yake. Muziki ule huandikwa kwenye mistari, na mistari imekatwa vyumba vyumba. Nota ndo wapangaji. Bi Ruqaiya alinambia neno moja tu: "Zayana, nakili ulivyokuta. Usiongeze, usipunguze." Nkaitika labeka. Liliingia sikio hili, likatokea hili.

Mwaka huo mama yake, Bi Zuwena, alifariki. Bi Ruqaiya akamtungia muziki, na huo ndo ungekuwa wake wa kwanza kupigwa ukumbini. Katikati palikuwa na vyumba saba vitupu. Hapana fidla, hapana zumari, hapana mtu.

Alasiri moja niko peke yangu nyumbani kwa Bi Ruqaiya, mwenyewe hajarudi kutoka kazini. Nlipofika vile vyumba saba, nkasikia mtu jikoni anavumisha wimbo, mdomo kaufumba, na mchele unachaguliwa kwenye sinia: shwa, shwa. Nkenda kuchungulia. Jiko limefagiwa, sinia limeegemezwa ukutani. Nkarudi, nkaanza karatasi ya pili. Kufika pale pale: shwa, shwa. Ya tatu vile vile. Nkasoma Ayatul Kursi, na kwa khofu nkaikosea.

Basi nkajifanya mjanja. Vyumba havina mpangaji, vya nini? Nkavikata, karatasi zote. Jiko likanyamaza. Nkajipongeza kwa chai.

Siku ya mazoezi ukumbini, kiongozi wa wapigaji, mzee wa kizungu, yeye ana daftari la Bi Ruqaiya mwenyewe, vyumba saba vimo. Kufika vyumba saba akainua mkono, anahisabu kimya. Wapigaji wao hawana kimya! Wakaendelea bila wa kuwaongoza, kila mmoja na lake, kama kuku walioingiliwa na paka. Akakitupa kijiti chake. "Muziki huu haujaiva. Nautoa kwenye onyesho."

Ukumbi ukazizima. Na ndani ya kimya kile, wallahi, ile sauti ikaja. Mdomo umefumbwa. Shwa, shwa. Wapigaji wakatazamana. Mkono wa mzee ukainuka wenyewe, ukahisabu mpaka saba, na sauti ikakatika.

"Nani anaimba?" akauliza mzee.

Bi Ruqaiya alichukua karatasi moja, akaisoma, akaniangalia.

"Zayana, vyumba vya mama viko wapi?"

"Nlidhani vitupu, Bi Ruqaiya."

"Vitupu! Nlikuwa nkiacha kupiga kinanda, ndo namsikia mama jikoni. Hapo ndipo pake. Sasa umemtoa nyumbani, akakae wapi?"

Maskati, joto la mwezi wa saba, na meno yangu yakagongana.

Mzee akatupatia muda mpaka kesho. Nkarudi nyumbani kwa Bi Ruqaiya, nkakaa mezani toka adhuhuri, nkaandika upya. Shwa, shwa, karatasi ya kwanza hadi ya mwisho. Safari hii sikukimbia. Nkasema, "Shikamoo, Bibi. Nisamehe." Hakuitikia, alhamdulillahi. Angeitikia, leo usingekuwa na wa kukusumbua.

Muziki ukapigwa. Vilipofika vyumba saba mie sikusikia kitu. Lakini Bwana Nasor, kakaa mbele yangu, aliinamisha kichwa, na vidole vyake vikaanza mapajani: anachagua, anatupa, anachagua, anatupa. Neno makelele halikumtoka tena.

Bi Ruqaiya alitunga miaka mingi baada ya hapo, muziki wake ukapigwa mpaka nchi za watu, na kila mmoja aliuwekea vyumba vile pahala. Nkivinakili kwa kuhisabu na kidole, mpaka kompyuta iliponifukuza kazi.

Mwanangu, kimya kingi kina mshindo mkuu. Ukipewa kazi ya mtu ukakuta pahala patupu, usipakate kwa kuwa hupaelewi, wala usipakate kwa kuwa unaogopa. Uliza. Kitupu chako huenda ndo nyumba ya mwenzio. Mie swali moja lilinishinda kuuliza, nusura nimharibie mtu umri wake wote.

Mungu akupe mkono kama wangu na kichwa kizuri kuliko changu, na siku ukiondoka akupe wa kukuachia chumba. Sema amin.

Umesema mara moja tu? Mie nimesikia mbili.