Bugali na Sombe kwa Mama Chérie

Ukimtaka Docus siku ya Jumamosi, usijisumbue kwenda kwake. Tangu usichana wake Jumamosi ni ya kikundi cha huruma cha parokia. Mara wanamlimia mzee asiyejiweza, mara wanamkandikia mjane nyumba. Mji mzima wa Bwera, hapa mpakani, unamjua kwa jina la mwanawe wa kwanza, Mama Bright, na kwa ulimi wake, ambao haujawahi kuomba likizo.

Kikundi kina sheria moja: hakuna kula kwa anayesaidiwa. Iliwekwa na katekista Kataliko miaka ile ya vita vya milimani. Walimlimia mama mmoja, akawapikia maharage, wakashiba, kumbe wamekula mbegu yake ya msimu. Kataliko alilia mbele ya watu. Tangu hapo kila mtu akabeba muhogo wake wa kuchemsha kutoka nyumbani. Docus aliipenda miaka ile, nayo ingali inamjia moyoni: Kataliko akikanyaga udongo, suruali kaikunja hadi magotini, akiimba zaburi kwa sauti mbaya ajabu, nao wakicheka hadi nguvu zinawaishia. Sasa Kataliko ni marehemu, na vijana wa kikundi wanakanyaga udongo huku wakichungulia simu. Docus akaitunza sheria ile kama mboni ya jicho, maana ndiyo aliyoachiwa.

Msimu huu walikuwa wakimkandikia Geneviève, mama aliyekimbia vita vya upande wa Butembo, ng’ambo ya mpaka huko Kongo, pamoja na bintiye mdogo, Chérie. Mvua zilikuwa karibu. Siku ya kwanza walimaliza kuta tatu, ukuta wa nyuma ukabaki fito tupu. Jioni Geneviève akatoa sinia la bugali wa muhogo, sombe ya majani ya muhogo yaliyotwangwa, na samaki. Docus akanawa mikono, akashukuru vizuri, akaaga. Wenzake wakamfuata, shingo upande.

Jumamosi iliyofuata Geneviève aliwapokea akiwa amesimama mlangoni.

“Mulifanya mingi, aksanti. Ukuta ile ingine nitafanya mwenyewe.”

Docus alidhani ni haya tu za mgeni. Lakini mvua ilianza ukuta ukiwa haujakandikwa, na Jumapili Chérie alikohoa misa nzima. Kila kikohozi kilimchoma Docus. Misa ilipokwisha akawafuata hadi nyumbani, akakuta maji yameingia mpaka kwenye mkeka wa mtoto.

“Mama Chérie, huyu mtoto ataugua. Kosa yetu ni nini?”

“Mulishika udongo yangu na mikono, mukaikanyaga na miguu. Chakula yangu mukakataa. Mimi niko mutu gani, Mama Bright? Kwetu hata mwizi tunamupatia chakula kwanza.”

“Ni sheria ya kikundi. Hatutaki kumalizia watu chakula.”

“Basi mulinde sheria yenu. Mimi nitalinda ukuta yangu.”

Docus aliugeukia ule ukuta wa fito. Alimwaza Kataliko. Katekista yule aliogopa kumwibia mama mbegu. Hakuogopa kukaa naye jikoni. Ni wao waliobaki nyuma ndio walioigeuza huruma yake kuwa ukuta.

“Nasikia njaa,” alisema mwishowe.

Geneviève alifunua sufuria. “Sombe haiyaiva.”

“Nitangoja.”

Akavuta kigoda. Walikaa karibu na moto, Chérie akalalia mapaja ya Docus, na chakula kikachelewa kwelikweli kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Kilipoiva Docus alikula. Akaongezewa, akala tena, mawese yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko, na Geneviève akamcheka waziwazi. Kisha, akipangusa sufuria, akasema, “Jumamosi mukuye wote. Mutamaliza ukuta, nami nitapika mingi.”

Hapo machozi yalimtoka Docus, na hayakuwa ya ukuta. Alimkumbuka Mariat wa Kisinga, aliyemsihi aonje tu, hata tonge moja. Alimkumbuka mzee Eridadi, aliyemchomea ndizi kwa mikono inayotetemeka. Wote wameshatangulia, na wengine wengi pamoja nao. Aliwalimia, aliwaogesha, akawazika. Hakuna hata mmoja ambaye chakula chake aliwahi kukionja.