Nilimuoza Mwanamke wa Kitabuni kwa Mume Siye

Kosa ni langu mie, si la shetani. Shetani mwenyewe angenambia, "Bibi, hapo umezidi!"

Nna wajukuu kumi na mmoja, na mmoja wao, ntamwita Ilham, anasoma Kiingereza kama anakunywa maji. Mie skuli niliachia darasa la tatu, Unguja. Kiswahili naandika, kama mnavyoona. Kiingereza nikikitazama, naona siafu wanapanda ukuta.

Basi Ilham akaleta riwaya ya mapenzi ya zamani. Kila alasiri mie nachagua mchele, yeye ananisomea huku akinigeuzia kwa Kiswahili. Jamani! Mwanamke wa humo kitabuni jina lake Adela, yuko huko Amerika ya magharibi, zama za farasi, katika mji wa machimbo ya dhahabu. Matope mpaka magotini, wanaume tele, wanawake wa kuhesabu kwa vidole. Hana baba, hana mume. Ana nyumba yake ya kulaza wachimbaji, na bunduki kaitundika juu ya jiko. Asiyevua viatu mlangoni, hali!

Nikampenda kama binti yangu.

Sasa sisi majirani hapa Mabela, huku ng'ambo tulikohamia kutoka Unguja, tunakutana asubuhi kwa kahawa na tende, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Nikaanza kuwahadithia. Ningekwenda na mdomo wangu tu, nisingekuwa naandika haya leo. Lakini nikawa naenda na kitabu! Navaa miwani, nalamba kidole, nafunua ukurasa. Hawakuniuliza kama najua kukisoma, nami sikuwambia kama sijui.

"Mashaallah, Bibi, Kiingereza chote hicho ulikificha wapi?"

Nikacheka tu. Kichwa kimenivimba kama mkate wa boflo.

Adela alikuwa na wachumba wawili. Mmoja bwana wa mgodi, ana farasi mweupe na nyumba ya ghorofa, lakini anataka Adela afunge nyumba yake ya wageni. Wa pili muhunzi, maskini, haongei.

"Huyo muhunzi anaoga?" akauliza mmoja wetu.

"Jumamosi."

"Basi mpe bwana wa mgodi, shoga, muhunzi asitutie uvundo hapa!"

Tulicheka mpaka kahawa ikapoa. Asiyecheka alikuwa mmoja tu. Ntamwita Zuwena, si jina lake. Mjane, ana duka lake la kushona nguo za kike Sib, kalisimamisha kwa mikono yake tangu alipofiwa. Na siku zile alikuwa kaposwa na bwana mmoja wa Qurum, nyumba kama hoteli, ambaye kasema wazi: mke wangu hashoni nguo za watu. Sote tulijua khabari hiyo.

Mara Ilham akapelekwa mji wa Sohar kwa mazoezi ya kazi, wiki tatu. Kitabu kakiacha, kimebaki kipande cha mwisho. Nikampigia simu aniambie yaliyobaki. Akasema, "Bibi, utamu utakwisha. Subiri nirudi."

Mie nikasubiri. Zuwena hakusubiri. Asubuhi moja kaweka kikombe chini, akanitazama usoni.

"Bibi, wewe umekimaliza. Adela kamchukua nani?"

Hapo ilikuwa niseme maneno mawili tu: sijui bado. Mawili! Nikaona haya kuyasema, na miwani nimeivaa. Nikafunua kurasa za mwisho, nikawatazama wale siafu, nikasema:

"Kamchukua bwana wa mgodi. Kafunga nyumba yake, kastarehe, wala hakujuta."

Wanawake wakapiga vigelegele. Zuwena akasema, "Haya," basi.

Wiki ile ile akauza vyerehani, akamwambia mwenye jengo kwamba duka analiacha.

Ilham aliporudi akanisomea mwisho. Lahaula! Adela kamrudishia bwana wa mgodi pete yake mbele ya wachimbaji wote, kamwambia, "Mlango huu una jina langu." Na yule muhunzi kaja kavua viatu, kasimama, kauliza, "Mie nikae kiti gani?"

Mchele ukanimwagika wote.

Milka ya Zuwena, ndiyo kufungishwa ndoa, ilikuwa Alkhamisi, siku mbili mbele. Nikamwambia Ilham washa gari. Nikamkuta Zuwena dukani anafagia, apate kurudisha ufunguo. Kimebaki cherehani kimoja cheusi cha mkono, cha mamake.

Nikamwambia yote. Kuhusu miwani, kuhusu siafu, kuhusu Adela. Akaegemea ufagio.

"Kwa hivyo kitabu ulikuwa unakishika tu?"

"Nilikuwa nakishika tu, mwanangu."

"Miezi miwili!"

"Miezi miwili."

"Usijipe ukubwa, Bibi," akasema. "Sikuuza vyerehani kwa ajili ya Adela. Lakini nilikuwa nimesimama kizingitini, sijui niingie ama nirudi. Wewe ndiye uliyenisukuma." Machozi yanamtoka, na mie yananitoka.

Akachukua simu palepale, akampigia yule bwana. Kamuuliza swali moja: akiolewa, duka abaki nalo? Nilisikia mwenyewe alivyocheka yule mwanamme. Kicheko kile ndicho kilichorudisha pete.

Lakini duka halikurudi. Keshalikodi muuza manukato. Zuwena sasa anashonea gerejini kwake, kwa kile cherehani cha mamake, na wateja nusu wamepotea. Nikipita nikisikia kinavyolia, nainamisha kichwa. Haya nimeyafanya mie, kwa kuona haya kusema sijui.

Adhabu yangu? Zuwena kamuomba Ilham kitabu kingine, kasomewa chote, na sasa yeye ndiye mhadithiaji. Mie nimepewa mkeka wa mlangoni, karibu na viatu. Na kila akifika penye utamu, ananitazama, anafunga kitabu.

"Yaliyobaki kesho, Bibi. Ama unayajua?"

Enyi wenzangu mnaopenda kusifiwa, ukiulizwa usilolijua, meza sifa zako, useme hujui. Mie siku hizi nalisema kila asubuhi, mbele za watu:

"Sijui, mwanangu. Endelea."