Mkulo wa Rahabu

Baada ya Uhuru kila mtu kijijini Mhezi alitaka nyumba ya bati, na mpasua mbao alikuwa Rubeni. Akifika shambani kwa mtu, aligonga shina kwa mgongo wa shoka, akatega sikio, akatikisa kichwa. "Huu umeoza ndani. Basi tu, nitakusaidia kuuondoa." Wiki haiishi, mti huohuo ungeonekana mjini Hedaru juu ya lori, ukiwa mbao safi.

Mwaka sitini na nane aligonga mti wa mkulo ulioinamia nyumba ya Rahabu, mjane. Ukalia kama ngoma. Rubeni akatokwa jasho.

"Mama, tuukate kabla ya masika. Sitaki hata ubao mmoja."

Rahabu aliendelea kuchambua maharage. "Hata ule mti wa marehemu mume wangu wewe ulisema umeoza, fundi. Nenda salama."

Masika yakauangusha. Rubeni aliitwa na msumeno wake, akaukata tangu asubuhi hadi adhuhuri juu ya paa lililobomoka. Ndani ulikuwa mtupu kama mzinga. Walipokwisha kuutoa mwili wa Rahabu, jirani mmoja akamuuliza kwa nini hakumwonya.

"Nilimwonya," alisema Rubeni.

Hakuna aliyemwamini.