Moyo Uliochafuka

Zahanati yetu ya Chang'ombe ilifunguliwa mara tu watu binafsi waliporuhusiwa tena kutibu. Daktari wetu, mpenda makuu kidogo, akaleta kompyuta kutoka Ulaya yenye programu ya kutambua magonjwa. Inauliza kwa Kiingereza, mie nesi namuuliza mgonjwa kwa Kiswahili, nabonyeza ndiyo au hapana, mwishoni inataja ugonjwa. Nilivimba kichwa, jamani. Nilikuwaga namkemea hata aliyeegemea meza yake.

Asubuhi moja akaja dada mmoja, mzaliwa wa Temeke, mke wa seremala wa jirani. Alisema moyo unamchafuka kila siku, na akitembea kidogo tu anahema. Mie mtu wa Bukoba, Kiswahili changu cha shuleni. Nikaelewa kwamba mapigo yake yamevurugika, nikaijibu kompyuta hivyohivyo. Ilipouliza kama ana mimba, nikabonyeza hapana bila kumuuliza. Alishanieleza kwamba ana miaka tisa kwenye ndoa na mtoto hana, nikaona nitamtonesha kidonda.

Kompyuta ikasema ni ugonjwa wa moyo. Daktari alikuwa na foleni mpaka nje. Akasoma kioo harakaharaka, akaandika apigwe picha ya kifua. Dada akatokwa na machozi, akaniuliza kama moyo unaua upesi. Nikaamua kumsindikiza mwenyewe, maana picha zilipigwa mtaa wa pili.

Njiani tukampita mama anayekaanga samaki. Dada akaziba pua, akageukia ukutani, akatapika.

"Samahani, nesi," akasema akijifuta. "Ndio huo moyo wenyewe."

Kumbe! Kwa wenyeji wa pwani, moyo kuchafuka ni kichefuchefu. Nilitamani ardhi inimeze. Huenda nilikuwa nampeleka mjamzito kwenye mionzi, kwa ujuaji wangu. Nikamshika mkono tukarudi, nikamweleza daktari kila kitu, naye akanipa vipande vyangu mbele ya wagonjwa. Nilistahili.

Tukakaa tena mbele ya kompyuta, tukaanza upya. Safari hii nilimuuliza yote, pamoja na lile nililolikwepa.

"Siku hizi hakuna anayeniulizaga hilo," akasema. "Hata mie nimeacha kujiuliza."

Alihesabu kwa vidole, akakosea, akahesabu tena. Siku zake zilikuwa zimempita miezi miwili, na yeye alidhani ni maradhi hayohayo. Tukapima mkojo. Majibu yalipotoka sikumngoja daktari, nikampa mwenyewe, na furaha niliyoisikia siku ile sijui niifananishe na nini.

Dada hakupiga kigelegele. Alivuta kiti karibu na kompyuta, akaomba nimuulize lile swali, apate kulijibu kwa kinywa chake. Nikamuuliza kama ana mimba. Akasema ndiyo. Kisha akaniomba, kwa sauti ya chini, nimuulize tena.